Kosa Alilolikubali Lusajo

Mlandege, Iringa
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Mugonile, mama. Umeamkaje na baridi ya huko Tukuyu? Lile goti linakuachia uende shamba, au bado linakutesa? Na baba mdogo, kifua kimetulia? Sisi huku tunapumua. Neema mjukuu wako amerefuka mpaka sare ya shule imemkimbia. Nimeunga kitambaa chini, rangi hazifanani, lakini atafanyaje, mama yake ndiye fundi cherehani mwenyewe.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Mama, wewe simu yako unaweka sauti ya juu, ukipigiwa nyumba nzima inanyamaza kusikiliza, baba mdogo akiwa mbele kabisa. Haya nataka uyasome peke yako chumbani na miwani yako. Ndiyo maana nimempa jirani yangu anayekuja huko kwenye msiba wa kwao akukabidhi mkononi.

Mama, kazi ya Mgololo haipo tena. Nimeisema mwanzoni ili usiendelee kusoma huku unatumaini. Najua umeshawaambia watu kwamba mwanao Lusajo anaingia kiwandani kuwa fundi umeme. Usinikasirikie, na yeye usimkasirikie. Kama ni hasira, mwenye kustahili ni mimi, na nitakwambia kwa nini.

Nilipokuwa na mimba ya Neema mlinitenga kanisani, unakumbuka. Meza ya Bwana nikawa naitazama kwa mbali. Halafu siku ile nikasimama mbele ya usharika, nikasema yote. Watu wakaimba, wakanipa mkono mmoja mmoja, wewe ukapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Na kweli, tangu siku ile hakuna aliyenitajia tena, hata yule mama wa kwaya mwenye mdomo. Mimi nikajua kosa likishasemwa lote, limekwisha. Ndivyo mlivyotulea.

Basi Lusajo alipokamatwa na zile rola mbili za waya za bosi wake, mimi nilijiona najua la kufanya. Ujinga wenyewe unaujua: alipata kazi yake binafsi ya kufunga umeme kwenye nyumba ya watu, akajikuta hana waya, akachukua za stoo bila kuomba, eti atarudisha. Miaka kumi na tisa, mama, na akili bado za kuchungia mbuzi! Asubuhi ya mahakama nikamkalisha hapa kwenye kochi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, usizungushe maneno. Sema yote, usibakize hata moja, uombe msamaha. Yataisha."

Akanisikiliza. Lusajo hajawahi kunibishia, unamjua.

Shitaka likasomwa. Wakamwuliza kama ni kweli, akasema ni kweli. Hakimu akarudia kumwuliza kama ameelewa, maana aliona kijana mdogo, hana wakili. Lusajo akajibu, "Nimeelewa mheshimiwa, ni kweli. Na kabla ya hapo nilichukua swichi nne na holda mbili za taa, hizo hamkuziandika." Watu wakacheka. Mimi mjinga nilikaa pale kwenye benchi najisikia fahari. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtoto wa mama yangu.

Tulipotoka nje tukakutana na yule mzee mwenye duka, bosi wake, anakuja mbiombio, kofia mkononi. Nilikuwa nimemfuata mara tatu kumbembeleza, kila mara ananijibu kwa kununa. "Kamwene," akanisalimu harakaharaka, "wameshamwita?" Nikamwambia ameshakubali. Yule mzee akasimama kama mtu aliyesahau anakokwenda. "Mbona mmewahi hivyo? Mimi nilikuja nimwombe hakimu yaishe. Waya zangu si nimeshazipata?" Mama, nilitamani ardhi ipasuke.

Hiyo sikukwambia kwenye simu. Nilikwambia tu kwamba amepewa kifungo cha nje, miezi sita ya kufagia zahanati na kukata majani. Ukasema Mungu mkubwa, mwanangu hakufungwa, ukapeleka na jogoo kanisani wa shukrani. Nami nikashukuru pamoja nawe. Alifagia ile zahanati, mama, mpaka manesi wakamzoea, siku ya mwisho wakampa soda. Tukaona tumemaliza.

Kumbe kifungo cha nje nacho ni kifungo.

Huko Mgololo alifanya majaribio ya kazi akafaulu vizuri. Wakamwambia alete cheti cha polisi cha alama za vidole, kila anayeajiriwa analeta. Alikwenda huku anapiga mluzi. "Dada, mimi sikukaa jela hata siku moja, kuna nini?" Wakampaka wino vidole vyote kumi. Akasubiri wiki kadhaa, kila siku anauliza kama wamepiga. Cheti kilipotoka kilikuwa na kesi yake, kosa la wizi, mwenyewe alikiri. Kule kazini wakamrudishia vyeti vyake kwa adabu kabisa, wakamtakia kila la heri. Alirudi akalala siku mbili, chakula anaacha kwenye sahani.

Mimi sikukubali. Nikafunga cherehani, nikaenda mahakamani kumtafuta karani, nikamwuliza tumwombe nani msamaha ili lile jina lifutwe. Nilikuwa tayari kupiga magoti, mama, mbele ya yeyote. Yule karani ni kijana mpole, hakunidharau. Akasema, "Dada, mahakama haikumkasirikia mdogo wako. Imeandika tu." Nikauliza rufaa. Akasema muda umepita, na tena mtu aliyekubali kosa kwa kinywa chake anakwenda kulikatia rufaa kosa gani? Nikauliza basi litakaa humo mpaka lini. Akaanza kupanga mafaili yake.

Asiyekasirika ndiye asiyesamehe, hilo nimelijua kwa kuchelewa. Huwezi kumpikia chai, huwezi kumpelekea kuku.

Sasa Lusajo kesho kutwa anakwenda Ubaruku. Kuna mashine ya kukoboa mpunga, wanatafuta wabebaji wa magunia. Huko hawaulizi cheti, wanaangalia mabega. Kile cheti chake cha ufundi ulichouzia ndama ili akipate amekiacha kwangu, kabatini. Nilimwambia akibebe, huwezi kujua. Akasema kitalowa jasho tu.

Limebaki lile uliloniagiza, mama. Nimemwambia kama ulivyosema, kwamba umeshaongea na mchungaji, aje Jumapili ya mavuno, asimame mbele, apokelewe, yaishe. Alikuwa anafunga begi, hakuinua kichwa. Akasema, "Dada, mimi nimeshasema mara moja." Nikamwambia kanisani siyo mahakamani, kanisani watu wanasamehe, ukisema lote linakwisha. Ndipo akanitazama, bila hasira hata kidogo, afadhali angenitukana.

"Hata siku ile uliniambia hivyo hivyo," akasema.

Usimlazimishe, mama. Nimelia kwa ajili ya kazi ile, lakini hili ndilo linaloniuma zaidi, kwamba pale mahali pamoja ambapo angefutiwa, hataki tena kufika.

Nisalimie baba mdogo, mwambie dawa ya kifua asiache katikati kama kawaida yake. Nisalimie bibi mzaa baba, umshikie mkono kwa niaba yangu, maana macho yake hayaoni lakini mkono wangu anaukumbuka. Kina mama wa kwaya wote wasalimie. Neema anakusalimia, anauliza kama yule ng'ombe mwekundu bado anapiga mateke. Lusajo hakutuma salamu.

Watakuuliza Jumapili hiyo ya mavuno, najua. Utakuwa umekaa benchi lako la mbele na watu wanageuka kumtafuta. Waambie mtoto yuko kazini Ubaruku. Hapo utakuwa hujadanganya. Mengine usiseme, mama. Mimi mwanao, niliyemwambia aseme yote, ndiye nakuomba usiseme.

Ni mimi mwanao,
Tumpe