Marobota Nyuma ya Stoo

Kerende,
8 Julai 1990

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mokami naye anakuamkia. Nilipomwambia nakuandikia alikuja na kidole cha uji akakiweka hapo pembeni ya karatasi, kwa hiyo hilo doa ni salamu za mjukuu wako. Mgongo umepoa? Sisi huku ni wazima, ila ni uzima wa kushtukashtuka.

Mzee Odoyo amefikisha mzigo kwa gari lake. Utingo wake alishusha marobota ya mabua huku anacheka, anasema wameshabeba dagaa, wameshabeba mbuzi, lakini kumpelekea majani makavu mtu asiye na hata ndama hawajawahi. Nikamwambia asubiri mpaka mboga ziote juu ya hayo majani, atakuja kuniomba.

Nilikusumbua kwa sababu huku hakuna udongo. Ua wetu wote ni kifusi cha mawe yaliyotoka kwenye maduara, hayo mashimo yao ya dhahabu. Mwezi wa tano nilipanda mchicha, ukatoka wa njano, ukafa. Mboga za sokoni wanakula wenye dhahabu, na Mokami ana vidonda kwenye kona za mdomo, wanasema ni kwa kukosa majani.

Marobota nimeyapanga nyuma ya stoo, maana ndiko kuna jua na mbuzi wa jirani yangu Dorka hawafiki. Heche alikataa kwanza, tena kwa ukali ambao sijawahi kuuona. Kesho yake akabadilika, akasema yakae hapohapo, yataziba watu wasichungulie. Wachungulie nini, sikumuuliza. Shangazi, mume wangu simwelewi siku hizi. Ameacha kwenda duarani na wenzake, anashinda ndani ya stoo, ameitia kufuli, anasema anachonga mipini. Panga analala nalo ubavuni. Huko bondeni kuna mtu alivamiwa nyumbani kwake kwa sababu tu watu walisema amepata dhahabu. Wala hakuwa amepata. Naogopa walio nje, na aliye ndani naogopa kumuuliza.

Niambie haya marobota nayafanyaje.

Mtoto wako,
Bhoke

Ringwani,
15 Julai 1990

Bhoke mwanangu,

Marahaba. Doa nimelipokea na nimelijibu kwa kulibusu, mwambie. Mgongo bado unauma, ndiyo dalili kwamba bado ni wangu. Ng'ombe wazima, ulezi umeingia ghalani, mjomba wako anakohoa na kuvuta sigara kwa zamu.

Sasa sikiliza. Hayo mabua niliyashindilia mwenyewe ndani ya sanduku la mbao, nikayakanyaga kama mtu anayecheza ngoma asiyoalikwa, ndipo nikayafunga kwa katani. Usiyalaze ovyo. Ncha zilizokatwa zitazame juu, kamba iwe ubavuni. Yalowanishe kila siku, na maji ya samadi uyaongeze katikati. Yatashika joto ndani, asubuhi utaona yanatoa mvuke. Usikimbie, ni kuoza. Robota likipoa likawa la vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto, toboa, weka konzi ya samadi, panda. Ujanja huu nilitoka nao Migori kwa rafiki yangu Gladys, ambaye ana kiwanja cha mawe matupu na anauza nyanya.

La maji ndilo kubwa. Kiangazi hiki mwagia mpaka livuje chini. Kama halijavuja, halijashiba. Na usije ukaniandikia kwa kilio kwamba yanabonyea. Mabua yakioza yanakaa chini.

Kuhusu kufuli, mwanamume akifunga stoo kuna siri, na siri nyingi za wanaume nimeona zimevaa kanga. Mgongo ukiniruhusu nitakuja kuifungua kwa meno. Panga ndilo limenikosesha raha. Mwenye mipini tu halali na panga.

Shangazi yako,
Wegesa

Kerende,
6 Agosti 1990

Shangazi,

Shikamoo. Mjomba naye shikamoo, mwambie apunguze zamu moja. Mokami hajambo. Mimi mwili hauumwi, moyo ndio unakimbia.

Kila kitu kilikuwa kama ulivyosema. Joto lilikuja, ukitia mkono unautoa haraka. Ila hukuniambia kwamba huku Kerende mvuke una maana nyingine. Asubuhi moja nafungua mlango wa nyuma nakuta wanaume wamesimama kwenye uzio wanatazama marobota yanavyofuka. Mmoja akaniuliza, "Mama, mnapika nini chini ya majani?" Nikasema nasubiri kupanda sukuma. Wakacheka. Yule mwingine akaruka uzio, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akasema, "Chini hapa kuna moto." Dorka ananiambia wachimbaji wengine wanaamini mahali dhahabu ilipokaribia juu ardhi hupumua. Tangu siku hiyo kuna vijana wawili wanakaa ng'ambo ya barabara, wanakula miwa na kututazama. Maganda yamekuwa chungu.

Heche alitoka na panga akawaambia ni mboga. Alisema ni mboga kwa sauti ambayo hata mimi sikumwamini.

Nimeshapanda. Mchicha, sukuma, na mgagani kidogo kwa ajili ya Mokami. Namwagia jioni, maji nayatoa mtoni kwa kichwa, na kila robota linavuja vizuri, isipokuwa hilo moja lililo karibu na ukuta wa stoo, hilo ni mlevi. Linakunywa tu.

Jambo jingine. Nafua mashati ya Heche yana matope mabegani. Mabegani, shangazi, si magotini. Mvua huku haijanyesha tangu mwezi wa tano. Nilimuuliza, akasema ni jasho na vumbi. Nikarudi kufua, kwa sababu alivyonitazama niliogopa.

Mtoto wako,
Bhoke

Ringwani,
16 Agosti 1990

Bhoke,

Marahaba mwanangu. Huku tu wazima, na mjomba wako amekataa ushauri wako kwa maandishi, yaani ameniambia nikuandikie kwamba amekataa.

Hao vijana wa miwa wapelekee mboga zikikomaa. Usingoje wakuombe. Waache wachume kwa mikono yao, wavute mche, waone mizizi, waone kwamba ni kuoza tu. Mtu akishakula mboga yako inakuwa vigumu kuja na nia mbaya, ingawa wapo wanaoweza.

Robota mlevi lipo kila mahali, hata mimi ninalo, ni panya waliotoboa chini. Liongezee maji, litashiba tu.

Mashati nimeyawaza sana. Nadhani Heche anasafishia mchanga wa dhahabu humo stooni na anajimwagia maji. Angalia ndoo zako kama zinapungua. Bhoke, nimekuwa nikifanya utani, lakini nimeogopa, sitaki nikufiche. Kama kuna mchanga wa dhahabu ndani ya nyumba hiyo na watu wameanza kukaa ng'ambo ya barabara, njoo Ringwani na mtoto. Kurudi kwa shangazi si kuachika. Nitamwambia Heche nimeumwa nimekuita.

Wegesa

Kerende,
9 Septemba 1990

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara nyingi, nikaificha ndani ya debe la unga. Nilitaka kuja. Nilipomwambia Heche unaumwa alisema, "Ngoja kidogo tu. Mwezi huu ukiisha tutahama wote, tutajenga Mugumu nyumba ya bati." Alisema huku ananishika mikono, kama zamani. Nikangoja.

Habari njema kwanza, maana si nyingi. Mchicha tumekula. Mokami alikula mpaka akaramba sufuria, na vidonda vya mdomo vinakauka. Wale vijana niliwapelekea, mmoja akasema asante mama, mwingine akaupokea huku anaangalia mlango wa stoo. Utingo wa Odoyo kaja kuomba, kama nilivyomwambia.

Ndoo zangu hazipungui. Heche hatumii maji humo ndani.

Lile robota mlevi limeanza kunitisha. Mengine yamebonyea taratibu kama ulivyosema. Hili limeinama upande wa ukuta tu, mchicha umelala. Nililiinua nikaweka jiwe kubwa chini, lile nililokuwa nakalia nikipika. Asubuhi jiwe halipo. Nilifikiri vijana wamelichukua, lakini wachukue jiwe wapeleke wapi, Kerende nzima ni mawe. Na siku hiyohiyo Heche alitoka stoo amejifunga kitambaa kichwani, damu imepita. Anasema amejigonga kwenye mlango.

Nimefuata maneno yako, namwagia mpaka livuje. Nilikuwa namwaga ndoo mbili, sasa zinafika tano, na chini halitoi hata tone. Nachoka kwenda mtoni. Niendelee, au hili limeharibika?

Bhoke

Ringwani,
14 Septemba 1990

Bhoke,

Salamu baadaye. Usimwage maji tena. Hata kikombe.

Robota likioza linashuka lote sawasawa, kama mtu anavyokaa. Likiinama upande mmoja, ni ardhi iliyo chini inayoondoka. Nilikuambia ni panya, na nilikosea. Maji ndoo tano hayavuji, yanakwenda wapi? Yanakwenda kwenye mabega ya mume wako. Jiwe lako halikuibwa. Limeanguka, na limempata kichwani.

Heche anachimba chini ya ua wenu. Mlango wa duara lake ni stoo. Ndiyo maana alikubali marobota yakae pale, yamfichie, na wewe kila jioni unalainisha udongo ulio juu yake, kwa sababu mimi nilikuambia mpaka livuje. Sijui kama nitalala mpaka nisikie kutoka kwako.

Fanya hivi. Ukimaliza kusoma, mwite atoke, mwambie shangazi amejua. Akikasirika, anikasirikie mimi. Usipite nyuma ya stoo tena, hata kuchuma. Mchukue Mokami utoke, lala kwa Dorka, asubuhi panda gari la Odoyo. Na usimwambie mtu mwingine yeyote kuna nini hapo chini. Wakijua, ua huo hautakuwa wenu tena.

Nimempa Odoyo barua hii mkononi na nimemwapisha.

Shangazi yako

Kerende,
20 Septemba 1990

Shangazi,

Shikamoo. Odoyo alikatikiwa springi njiani, amekaa huko siku zote hizo. Barua yako amenipa leo asubuhi. Amelia aliponiona nilipokaa, mpe pole, kosa si lake.

Ilikuwa jana jioni. Nilikuwa nimemwaga ndoo ya tatu. Robota mlevi likaondoka. Sikusikia kishindo, niliona tu mchicha unakwenda chini na kamba zake, na ukuta wa stoo unaufuata. Ndoo ilinitoka mkononi ikaingia nayo. Halafu nikamsikia Heche ananiita kutoka chini, anaita Bhoke, Bhoke, kama mtu anayeomba afunguliwe mlango.

Nilipiga yowe. Umeniambia nisimwambie mtu, lakini barua yako ilikuwa bado njiani, na hata ningekuwa nayo ningepiga. Walikuja wengi. Vijana wa miwa ndio waliotangulia kuingia, na yule aliyekuwa anatazama mlango alichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Nataka ulijue hilo, kwa sababu jana wote walikuwa watu wema. Walipeana udongo kwa karai, wakautupa nje, wakaita jina lake, naye akaitika. Anasema miguu imebanwa lakini anapumua.

Leo saa ya chai mtu mmoja aliosha udongo kidogo kwenye sahani yangu. Akamwonyesha mwenzake. Shangazi, tangu hapo hawautupi tena. Wanautia kwenye viroba. Wamekuja wengine kutoka bondeni na viroba vyao, wengine siwajui. Mwamba wenye dhahabu unakata kwenda upande wa barabara, na Heche yuko upande wa nyumba. Waliobaki wanachimba kuelekea kwake ni yule kijana aliyechimba kwa mikono na baba wa Dorka ambaye ni mzee. Nimewapigia wengine magoti. Wanasema, "Tunakuja, mama," na wanaendelea na mwamba. Tumetuma mtu kituoni kwa polisi, hajarudi.

Mokami yuko na Dorka, wanakuja kwako na Odoyo pamoja na barua hii. Mpe maziwa, hajala tangu jana. Usimwambie lolote, mwambie mama anachuma mboga.

Mimi umeniambia nitoke, na sitoki. Nimekaa ukingoni naita jina lake. Nikiita, hawa wanakumbuka kuna mtu humo, mmoja wawili wanageuza sululu. Nikinyamaza hata kunywa maji, wanasahau. Asubuhi alikuwa ananiitika kila mara. Mchana ameitika mara moja. Nimeandika hii kwa kuachiaachia, mstari mmoja naita, mstari mmoja naandika, na koo langu linakauka na naogopa sauti itakatika kabla ya kesho.

Njoo na watu wa huko Ringwani, shangazi, hata wazee, hata wanawake wenye majembe ya shamba. Ila wawe watu ambao hawataki dhahabu.

Bhoke