Mashine ya Vipande Vinne

2 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Natumai mgongo wako umepumzika na zamu za kiwandani. Mimi mzima, goti tu ndilo linalolalamika, nami nimelizoea kama jirani mbishi.

Nina habari! Wajukuu wakija likizo hii hawatakula tena mkate mkavu wa babu. Nanunua mashine ya wafo, ile mikate yenye vishimo vya mraba. Nimezunguka maduka matatu na futi kamba yangu. Ya kwanza nyepesi, mfuniko unacheza kama jino bovu. Ya pili ni ya kuwekwa juu ya gesi, imara kweli, lakini lazima uigeuze katikati ya kuoka, na kiganja changu hakiwezi. Ya tatu ina taa ya kijani na vishimo vya sentimita mbili kamili. Nilivipima vyote. Mwenye duka akasema, "Mzee, unanunua mashine au kiwanja?"

Miaka thelathini na moja ya kupima ardhi haiishi kwa kustaafu. Na hiyo ya tatu inaoka vipande vinne kwa mpigo!

Babako

6 Agosti

Shikamoo Baba,

Sisi wazima, lipe goti pole zetu. Watoto wamesikia neno wafo, basi hapa hapakaliki. Mdogo ameshafunga begi, na siku bado tele.

Lakini Baba, vinne vya nini? Wao wawili, wewe mmoja. Jikoni kwako sufuria zinapishana kwa kupigiana hodi. Chukua ya viwili. Mimi nitawashusha getini Jumapili ya tarehe 24 nigeuze hapo hapo, zamu hainisubiri.

Binti yako

11 Agosti

Mwanangu,

Salamu, na ukae kwanza usije ukaanguka kwa kicheko.

Sinunui kitu bila kukijaribu. Asubuhi nilikoroga rojo la unga, nikatia hamira, nikalimimina kwenye chupa ya chai, nikakaza kizibo, nikaenda nalo dukani. Nilipima yote ila hamira! Kugusa kizibo tu, kikaruka hadi kwenye rafu ya pasi, na rojo likafuata kama lililoitwa. "Mzee," akasema mwenye duka akijipangusa shati, "sasa nunua na duka." Lililobaki tukalioka. Dakika nne, kahawia pande zote! Wateja walikula wamesimama.

Nimeinunua. Ya vinne.

Umeuliza cha nne ni cha nani. Nimefungua shajara. Mara ya mwisho uliketi mezani kwangu tarehe 14 Februari mwaka juzi, wiki tuliyomzika mama yako. Tangu siku hiyo, kila ulipokuja nimeandika neno moja: getini. Najua ni kile kiti chake. Hata mimi nakipita nikitazama dirisha.

Sikulaumu. Nakupa vipimo tu.

Babako

19 Agosti

Shikamoo Baba,

Goti halijambo? Kimya changu si cha hasira. Barua yako niliisoma kiwandani wakati wa mapumziko, nikacheka kizibo, halafu nikashindwa kurudi kwenye cherehani.

Nimebadilishana zamu na mwenzangu. Jumapili tunaingia ndani wote watatu. Kiti cha mama nitakikalia mimi. Kimekaa bure vya kutosha.

Mashine washa wewe. Rojo nitakoroga mimi, na hamira usiiguse!

Andika kwenye shajara: mezani.

Binti yako