Maharusi wa Benchi la Mbele

3 Machi

Kwa shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na matumaini kwamba barua hii inakukuta mzima, wewe na masufuria yako yote ya hapo shuleni. Mimi sijambo, isipokuwa upweke, ambao si ugonjwa wa kumsumbulia mtu. Niwie radhi kwa kuchelewa kukushukuru kwa ulivyosimama nami katika msiba wa dada yako.

Nimerudia kazi ya kujalidi vitabu. Gundi inanuka nyumba nzima, wala hakuna wa kunifukuza nikafanyie nje.

Uliniuliza kuhusu dawa. Zimekwisha, na sijaenda kuchukua nyingine. Unajua kwamba mimi na dada yako tulimeza dawa za Ukimwi miaka yote hiyo bila kuyumba, na kliniki tulikwenda pamoja. Yule muuguzi mrefu mwenye kicheko hakuwahi kutuita kwa majina. Akituona benchi la mbele husema, "Maharusi wangu, karibuni." Hajui kwamba moyo ulimsimama mmoja wetu nyumbani. Utotoni mapadri walitufundisha kwamba mtu hapewi habari ya msiba akiwa amesimama, na muuguzi yule haketi kamwe. Nilifika hadi langoni, nikamsikia akitaniana na wagonjwa wake, nikageuka.

Samahani kwa kukutwisha haya.

Wako kwa heshima,
Shemeji yako


19 Machi

Shemeji, mume wangu wa akiba,

Shikamoo. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Masufuria yanakusalimu, moja limetoboka kwa kukuwaza.

Sasa nikuseme. Dada alikuwa akiniambia, "Huyu mwanamume ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anaomba radhi." Nilikuwa nacheka. Leo sicheki. Yaani unataka kufa kwa kumwonea haya muuguzi? Virusi havijui adabu, shemeji. Havibishi hodi. Vililala miaka yote kwa sababu mlivilaza kila jioni, wewe unammiminia dada maji, naye anakumiminia wewe. Ukiacha, vinaamka.

Kama mdomo mzito, mwambie mlinzi wa lango. Yule hana siri. Kabla hujaketi kliniki nzima itakuwa imeshajua, na muuguzi wako ameshafuta machozi. Nenda kesho.

Shemeji yako, mdogo wa marehemu


2 Mei

Shemeji mpendwa,

Nakusalimu, na kuyaulizia magoti.

Nilifuata shauri lako. Nilimwendea mlinzi, nikamjulia hali, naye akanijulia yangu. Tukazungumza habari za mvua na za kibanda chake kinachovuja, hata nikamwahidi turubai. Ile habari yenyewe haikupata nafasi. Kesho yake nilimpelekea turubai, akafurahi sana.

Mwandiko usikushangaze. Mkono unatetemeka kidogo kwa sababu ya homa, ambayo huja bila kualikwa na kuondoka bila kuaga. Mkanda wa suruali nimeutoboa tundu jingine. Nisamehe kwa kuandika mengi juu yangu mwenyewe.

Shemeji yako


11 Mei

Shemeji,

Salamu baadaye. Mkanda umeutoboa tundu jingine, halafu unaniandikia habari za turubai?

Nimeomba ruhusa kazini. Ijumaa ya wiki ijayo, adhuhuri, nitakuwa kituo cha basi, uje unipokee. Jumatatu tunakwenda kliniki wote wawili, tunaketi benchi lilelile la mbele, na kama wewe huwezi kusema nitasema mimi. Nimeshamzika dada. Sitaki kuzoea.

Mdogo wa marehemu


Ijumaa, 20 Mei
(mlangoni)

Shemeji mpendwa,

Karibu, na pole kwa safari. Naomba radhi, kwa uzito wote wa neno hilo, kwamba hukunikuta kituoni. Ufunguo uko kwa fundi viatu wa jirani. Chai imo kwenye chupa.

Barua yako ilininyima raha. Nilituona sisi wawili kwenye lile benchi, na muuguzi akitokeza na kusema, "Maharusi wangu, karibuni." Ungepokea salamu ya dada yako mbele za watu, ukalazimika kuitika au kulia. Sikuweza kuacha jambo hilo likupate kwa ajili yangu. Kwa hiyo jana nilikwenda peke yangu.

Alinitazama, akatazama nafasi iliyo kando yangu, kicheko kikamwisha. Nikamwomba aketi. Nadhani hakuna mgonjwa aliyewahi kumwomba hivyo. Akaketi papo hapo, mahali pa dada yako, nikamwambia.

Aliiacha foleni ingoje. Kisha akasema, "Mzee wangu, namba yenu ya simu haipatikani. Miezi hii yote nilijua nimewapoteza wote wawili."

Simu ilikuwa ya dada yako, nami niliizima. Nilidhani namwepushia huzuni, kumbe nilimwongezea.

Hakunigombeza. Ameagiza nifike leo kupimwa damu na kifua kwa ajili ya hii homa, kisha anirudishie dawa. Nilimweleza kwamba adhuhuri nampokea shemeji yangu. Akasema shemeji atasubiri. Nilifikiri njia nzima, nikaona kwamba safari hii sina budi kukukosea adabu.

Aliniuliza pia aniite nani sasa. Nilimjibu kwamba mimi bado ni bwana harusi.

Nikirudi na dawa jioni, kama hujachoka sana, nitakuomba unimiminie maji.

Shemeji yako