Kwa Mama, Niliyemketisha Mbele ya Mkwe

Mama yangu mpendwa,

Salaam aleikum, kama tunavyowasalimu tukipita makaburini. Leo sipiti tu. Nimeketi juu ya gunia la mchele katika stoo ya jikoni kazini, mlango nimeurudisha, na ninakuandikia kwa sababu ninaogopa. Ninaogopa kwamba ulikufa na njaa nyumbani kwangu, sahani ikiwa mbele yako, na mimi nikikukaripia ule.

Hukuniona katika kazi hii. Sasa ninawapikia wazee kumi na wanne katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Isiolo. Najua ungecheka, wewe uliyesema kwamba nikichemsha maji yanaungua. Lakini hapa hatupiki sufuria moja wakala wote. Kila mzee ana kadi yake ukutani, na picha yake juu: huyu asipewe chumvi, yule asipewe sukari, huyu chakula chake kisagwe maana koo limelegea. Kadi huandikwa na Kendi, msichana wa Kimeru aliyesomea mambo ya lishe, anayekuja kila Jumanne na mizani yake. Mwezi wa kwanza niliogopa kila nikipakua. Nilikuwa nikisoma kadi mara tatu, natoka nayo mezani, narudi kuisoma tena. Kosea kadi moja tu, Mama, na mzee wa watu yuko hospitalini.

Basi kuna Mzee Guyo. Alikuwa akinunua mbuzi huko Kulamawe na kuwaleta mjini, mtu wa mzaha mwingi na meno machache. Alipofika alikuwa mlaji hasa. Halafu miezi miwili iliyopita akaacha. Uji wa asubuhi, ambao wazee hunywea vyumbani mwao, alikuwa anaumaliza. Lakini mchana na jioni, kwenye chumba cha kulia, sahani ilirudi jinsi ilivyokwenda. Kendi akampima, kilo zimeshuka. Jumanne iliyofuata zikashuka tena. Tukamsagia nyama, tukamchemshia mchuzi wa mifupa, nikamtafutia maziwa ya ngamia yaliyofukizwa vizuri kama ya kwako. Akayanusa, akatabasamu, akasukuma kikombe. Suruali yake ikawa inafungwa kwa kamba.

"Akishuka tena, tutampeleka awekwe mpira wa puani," Kendi aliniambia. "Sitaki, lakini tutafanya nini?"

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Nilijua sura ile, Mama. Mashavu yale nilishayaona, kwako.

Unakumbuka tulivyokutoa Garbatulla? Sukari ilikuwa imekulemea, na mimi binti yako wa pekee nikasema utakaa kwangu Bula Pesa nikuuguze. Uliniuliza swali moja tu: "Na mume wako?" Nikakujibu kwamba Hassan yuko barabarani na lori lake, haonekani nyumbani ila siku mbili kwa mwezi. Ukakubali. Wiki zile za kwanza ulikula, tena ulilalamika kwamba sukuma wiki yangu ni ya mbuzi. Nilifurahi ukilalamika. Karatasi ya kliniki niliibandika ukutani na tuliifuata kama sheria, ugali kiasi, maharagwe, chai bila sukari, kila kitu na saa yake.

Kisha Hassan akaanguka kutoka juu ya lori, akaletwa na plasta mguu mzima. Nyumba yenyewe unaijua, chumba cha kulala na cha kukaa, na jiko la nje, basi. Mkawa mnashinda pamoja, yeye kwenye kochi, wewe kwenye mkeka, na mimi niko kwenye kibarua changu cha wakati ule. Jioni niliweka meza moja, sote watatu. Ukajifunika leso mpaka mdomoni, ukageukia ukuta. Nikakutania kwamba mama yangu ana haya kama bi harusi. Hassan naye akasema, "Mama, usiniogope. Wewe ni mama yangu pia."

Ukaniomba, si mara moja: "Nipeleke nikae jikoni, nile na sufuria zako."

Nikakujibu kwa ukali. Kwamba jikoni kuna moshi. Kwamba wewe si mfanyakazi wangu ule jikoni, majirani watasema nini. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi.

Desturi niliijua, sitakudanganya. Nani hajui kwetu kwamba mkwe hafungui mdomo kula mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe mbele yake? Nimekuona mara ngapi ukiacha chai yako kwa sababu Hassan, ambaye kwao hawana desturi hiyo, amebisha hodi? Lakini niliichukulia kama nguo ya sikukuu, kitu ambacho mgonjwa anavuliwa bila kuulizwa. Nilisema moyoni, mtu akiumwa hayo yanaisha. Ulipoanza kusema "nimeshiba, mwanangu" baada ya matonge mawili, nikalaumu sukari. Daktari naye akalaumu sukari, akabadilisha karatasi, nami nikabandika mpya. Labda kweli ilikuwa sukari. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba labda.

Nirudi kwa Mzee Guyo, maana ndiye aliyenifumbua macho bila kujua.

Hapa wazee hula wanne wanne, kwa sababu mtu akila peke yake hamu inakufa, na hilo ni kweli. Wale wa chakula laini, na Mzee Guyo kwa meno yake machache, tuliwaweka meza moja ili tusichanganye sahani. Mimi mwenyewe ndiye niliyewapanga. Miezi miwili iliyopita akaja Nyanya Kabale, mkongwe asiyejua tena hata jina lake, hajui Kiswahili, hana meno. Kadi yake ikasema laini. Nikamweka uso kwa uso na Mzee Guyo.

Wiki mbili zilizopita Nyanya Kabale akapata homa, akalishwa kitandani. Mchana huo Mzee Guyo alimaliza sahani na kuifuta kwa kidole, akauliza kama kuna nyingine. Nilikimbia jikoni nikalia kwa furaha. Kesho yake Nyanya akarudi, na sahani ya mzee ikarudi imejaa. Nikamtazama vizuri. Alikuwa ameketi upande upande, shuka limefunika mdomo, macho ukutani.

 Nikainama sikioni pake, nikamuuliza kuna nini. Akanijibu kwa Kiswahili, makusudi, ili yule mkongwe asisikie maana.

"Huyu mama ndio alizaa bibi yangu, yule nilioa. Sasa mimi nitafungua mdomo mbele yake aje?"

"Lakini mzee, yeye hakukumbuki. Hajui hata wewe ni nani."

"Yeye amesahau," akasema. "Kwani mimi nimesahau?"

Mke wake alikufa zamani na hawakujaliwa watoto. Hakuna hapa aliyejua wale wawili ni wakwe. Nikamuuliza kwa nini hakusema, akaniacha nimsagie nyama wiki sita. Akasema, "Nikisema, mtamtoa. Na yeye akitoka hapa ataenda kwa nani?"

Alikuwa tayari kufa njaa kimya kimya, mezani, mbele yetu sote, na sisi tukipima.

Nikamsogeza siku hiyo hiyo. Anakula kando ya mlango wa jikoni, nyuma ya leso niliyoitundika kwa kamba, na Kendi ameandika kwenye kadi yake, chini ya chumvi: "Ale mahali ambapo Nyanya Kabale haonekani." Kilo zinapanda. Wenzangu wananisifu, na kila sifa inanichoma. Nimeanza kuwauliza wazee wengine kumi na wawili, mmoja mmoja, ni nani hawezi kula mbele ya nani, ni nini hawezi kusema. Wananiona mbeya. Nauliza tu. Nikipeleka sahani naogopa tena kuliko mwezi ule wa kwanza, kwa sababu sasa najua kwamba naweza kufuata kadi herufi kwa herufi na mtu akanifia.

Lakini lile lililo kubwa bado sijalisema.

Unajua wiki zako za mwisho mimi nilikuwa natoka alfajiri. Aliyekuwa anakulisha ni Hassan. Alijiburuta na plasta yake mpaka kwenye mkeka, akashika kijiko, akakubembeleza: "Kidogo tu, mama, fungua." Kwa mkono wake mwenyewe. Ukafumba mdomo, chakula kikamwagika kidevuni, naye akakufuta na hakukasirika hata siku moja. Mpaka leo watu wakizungumza habari za wakwe yeye husema, "Mimi mama mkwe wangu nimemlisha na mkono yangu." Hana jambo jingine analojivunia namna hiyo. Ni mtu mwema, Mama, unajua ni mtu mwema.

Jana wakati wa chakula aliniuliza kama yule mzee wangu amepona. Nikasema amepona. Akauliza alikuwa anaumwa nini.

Nikamwambia koo.

Kijiko kilikuwa mkononi mwake, ananisubiri niseme zaidi, nami nikainamia sahani. Nikimweleza, nitakuwa nimemvunja mtu ambaye hakufanya ila wema. Nisipomweleza, nitakuwa nakufunika mdomo kwa mara ya pili. Naogopa kwake, naogopa kwako. Ninachotaka kukuuliza ni neno moja tu, kama ilikuwa sukari au ilikuwa njaa. Uliposema umeshiba, ulikuwa umeshiba?

Hapana, Mama. Usinijibu.

Mola akulishe huko, mahali pako peke yako, ule utosheke.

Ni mimi, binti yako uliyenificha njaa kwa heshima