Doa la Kutu Kando ya Mlango

Mwingi, 10 Machi 2025

Mwanangu Wavinya,

Hujambo, mama? Na hapo Shauri Moyo mvua inawatendeaje? Mimi mzima, miguu tu ndiyo inanung'unika.

Sasa twende kwenye habari ya lori langu. Limekaa Dandora kwa huyo fundi wako Shitanda tangu Krismasi, na nikimpigia ni "kesho, mzee". Lori hilo nimeliendesha tangu hujazaliwa, na mafundi nawajua. Anaona bati limeoza, anaziba na fila, ule udongo wao wa plastiki, anapiga rangi, nawe unapiga makofi. Nenda uligonge kwa funguo kila mahali. Likilia ngo, ni bati. Likisema bu, umechezwa. Na chini ya kabini apake mafuta machafu ya injini, maana moshi wa jaa la hapo unakula chuma.

Nitumie picha, ya karatasi, si ya simu. Na uandike herufi kubwa, taa ya huku ni hafifu. Pasaka nataka niwe barabarani.

Baba yako,
Mutunga


Shauri Moyo, 22 Machi 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na pole kwa miguu. Sisi hatujambo, ni paa tu linavuja na tumelitegea beseni.

Niligonga lori lote mpaka Shitanda akaniuliza, "Madam, unabisha hodi ama?" Lililia ngo kila mahali isipokuwa chini ya mlango wa dereva. Hapo alikata bati bovu mbele ya macho yangu akachomelea bati jipya. Mafuta machafu yamepakwa, viatu vyangu ndio ushahidi. Ila kuna kifaa cha usukani bado anakitafuta, kwa hivyo Pasaka sikuahidi. Usiharakishe, Baba.

Na macho yako je? Katika barua yako mistari imepandana. Picha ndiyo hiyo, Shitanda mwenyewe aliipiga.

Binti yako,
Wavinya


Mwingi, 3 Aprili 2025

Wavinya,

Salamu. Mimi mzima, na macho yangu yaache.

Picha nimeitazama mwenyewe, nje juani. Hata Koki jirani sikumpa aishike, yule mdomo wake unaujua. Na nimeona mlichodhani sitaona. Kando ya mlango wa dereva kuna doa la kutu, refu, la kahawia, kutoka dirishani mpaka kwenye gurudumu. Hilo ndilo bati jipya?

Nilikuwa namshuku Shitanda peke yake. Sasa nakushuku na wewe. Mtu anayemwambia mwenye mali "usiharakishe" ana jambo lake. Mmepatana mliuze? Semeni. Ijumaa Kuu nakuja kulichukua kama lilivyo, na nitaliendesha mwenyewe mpaka nyumbani.

Mutunga, baba yako bado


Shauri Moyo, 9 Aprili 2025

Baba,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Yako niliianza nimesimama nikaimaliza nimeketi.

Hilo si kutu. Ni mimi. Nilisimama kando ya mlango, nimevaa ile sweta ya kahawia ya marehemu Mama.

Na kweli kuna njama, ila si ya kuuza. Usukani hauna shida yoyote. Mimi ndiye niliyemwomba Shitanda awe anakuambia "kesho". Krismasi ulipogonga lango la kanisa la huku kwetu ulisema ni breki. Shitanda alizifungua, zilikuwa nzima. Mtoto wa jirani yangu Perez alikuwa ametoka tu pale langoni, Baba. Tangu siku hiyo nikifikiria wewe na usukani naingiwa na baridi.

Ukija nitakupokea na nitakupikia. Funguo sitakupa. Nikasirikie ukitaka, lakini nenda macho yatazamwe.

Binti yako anayekupenda,
Wavinya


Mwingi, 14 Juni 2025

Mwanangu Wavinya,

Hujambo? Paa limezibwa? Hii barua anaandika Koki, mimi namtajia, na nimemwonya asiongeze yake.

Pasaka sikuja kwa sababu ya hasira. Nilikukasirikia mpaka nikachoka. Kisha nikaenda hospitali. Jicho la kushoto wamesema limekwisha, la kulia watalifanyia upasuaji mwezi ujao, labda litanisaidia kuona njia ya chooni. Kuendesha, basi.

Niliporudi nyumbani nikampa Koki ile picha. Nikamuuliza, huyu mtu anafanya nini? Akasema, anacheka. Nimekushika mkononi ukinichekea, nami nikakuita kutu. Hilo linaniuma kuliko lori, na nakuomba radhi.

Shitanda bado simwamini, hilo usimwambie. Tafuta dereva mtulivu, asiyetafuna miraa, alete lori huku nalo libebe mchanga. Kabla hajaanza, mje mnichukue tuzunguke mpaka Kitui na kurudi. Mimi nitakaa mlangoni, upande wa utingo, na akikosea gia nitasikia na nitasema.

Wewe kaa katikati, uniegemee, nijue uko wapi.

Baba yako,
Mutunga