Picha ya Mama Dirishani

Dada yangu,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kwanza, kunifokea utanifokea baadaye. Najua nimekaa kimya mno, na majina yote mabaya umeshaniita. Hujambo wewe? Shemeji hajambo, na wapwa wangu? Mgongo wako je, bado unakusumbua ukisimama sana wodini? Sisi huku tunapumua. Mimi na kibanda changu cha kutengeneza simu tunasukumana hivyo hivyo. Mama anakula vizuri na analala vizuri. Ila habari zake ndizo zilizonifanya niandike, maana kwenye simu ningelia, nawe ungekata ukidhani ni mtandao mbaya.

Kusahau kwake kumezidi. Jina lako bado analo. Langu huja na kuondoka. Juzi aliniita fundi, akanishukuru kwa kuja. Lakini kitu kimoja kilikuwa hakijamtoka, nacho ni ile kampuni ya kulipia bili. Kila asubuhi alinisimulia upya, kana kwamba mimi sikulelewa chini ya meza yake. Jinsi alivyokuwa karani wa idara ya maji, akiwaona watu wanapanga foleni ya maji, wakitoka hapo wanakimbilia ya umeme, halafu ya simu, siku imekwisha. Jinsi alivyomwambia bosi wake kwamba bili zote zingeweza kulipwa kwenye dirisha moja, na jinsi wawili hao walivyoacha kazi wakakodi chumba chenye dirisha la kutazama barabarani. Yeye ndani, watu nje. Bosi akawa mwenye kampuni, Mama akabaki dirishani mpaka alipostaafu. Hakuwahi kulalamika. Wewe ndiye uliyelalamika kwa niaba yake.

Siku moja akaniomba nimtafutie kampuni yake kwenye simu. Nikaikuta kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea. Mistari michache tu: bosi kaanzisha kampuni, basi. Juu yake pana tangazo kwamba makala haina vyanzo vya kutosha, na msomaji anaombwa asaidie kuiboresha. Dada, unanijua. Niliona kama nimeitwa mimi. Nilitaka Mama alisome jina lake pale kabla hajalisahau.

Nikaandika yote. Kabla chai yangu haijapoa yakawa yamefutwa. Aliyefuta anajiita Wembe, nami nikamtolea maneno ambayo Mama angeyasikia angenichapa. Alinijibu kwa upole, na upole wake ukaniudhi zaidi. Alisema hanishuku uongo, ila kamusi haipokei kumbukumbu za nyumbani. Inapokea kilichokwisha kuchapishwa na watu wasiohusika na kampuni. Tena mimi, kwa kuwa ni mtoto wa aliyefanya kazi pale, nisiiguse makala kabisa. Niweke maombi kwenye ukurasa wa majadiliano, wengine wayapime. Nikamuuliza ni nani huyo anayechapisha habari za karani. Akasema hilo hata yeye linamsikitisha.

Basi nikafunga kibanda nikaenda maktaba. Mkutubi alinionea huruma akaniletea magazeti ya zamani, nikapiga chafya mpaka wasomaji wakahama meza. Na nikampata! Nilipiga kelele, Dada, nikaombwa nitoke nje kidogo. Ni picha ya siku ya ufunguzi. Bosi kavaa tai, na Mama yuko pembeni yake, nje ya dirisha. Unakumbuka alivyotusimulia kwamba mpiga picha alimtoa ndani kwenye giza ili aonekane? Ndiyo hiyo picha. Amevaa lile gauni la madoadoa ulilokuja kulirithi. Chini yake wameandika: mwanzilishi wa kampuni akiwa na mteja wake wa kwanza.

Nilimwandikia Wembe kwamba gazeti limekosea. Akasema ananiamini, lakini hakuna chapisho jingine linalolisahihisha. Picha inaweza kuwekwa, ila maelezo yake lazima yafuate gazeti. Niliwaza sana. Nikaona heri sura yake iwepo kuliko akosekane kabisa. Yale maombi niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe: mwanzilishi na mteja wake wa kwanza. Wakayakubali, na lile tangazo likaondolewa. Makala sasa imeboreshwa.

Sikukusudia asome maelezo. Nilimwonyesha picha tu, akafurahi, akaligusa gauni lake kwa kidole. Kisha akavaa miwani, na kabla sijaivuta simu akasoma kwa sauti, vile vile alivyokuwa akiwasomea bili watu wasiojua kusoma. Nikamwambia ni makosa ya gazeti. Akanituliza. Akasema kama imeandikwa basi ndivyo ilivyokuwa, na kwamba siku zote alikuwa akishangaa kwa nini dirisha lile analikumbuka hivyo. Kumbe alikuwa akienda kulipia maji.

Tangu hapo hasimulii tena. Asubuhi anavaa, anachukua mkoba, anasimama mlangoni ananiuliza kama foleni ni ndefu. Nimeeleza mpaka sauti imenikauka. Lakini mimi kwake ni fundi tu, na fundi hawezi kubishana na kamusi. Moyo wangu umevunjika, Dada, na kilichouvunja ni kile nilichokiandika mimi.

Nakuomba uje. Usilete chochote. Wewe bado anakujua, na ukimwambia kwamba alikuwa upande wa ndani huenda akakuamini. Njoo kabla jina lako nalo halijaanza kuja na kuondoka.

Nisalimie shemeji, na wapwa wangu wabusu mmoja mmoja. Mama anakusalimu sana. Nilipomwambia nakuandikia wewe, alisema nikuambie usihangaike kuamka mapema, amekushikia nafasi kwenye foleni, nyuma yake.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa Mama.