Mikono Uliyoikataa

Shangazi Marieta,

Shikamoo. Huku Bashay maharage yameota vizuri na mama hajambo.

Lakini mimi nimeumia. Juzi kwako Gendabi ulininyang'anya mtoto wa mwanao Gidion mbele ya wageni, ukasema daktari anayeenda kusomea maiti asishike mtoto mchanga. Nilipomaliza udaktari ulinisifu mbele ya kanisa zima. Leo nimekuwa uchafu?

Nasomea patholojia, shangazi. Kazi yetu kubwa ni kupima vipande vya nyama vilivyokatwa kutoka kwa watu walio hai, ijulikane wanaumwa nini. Nilipata nafasi vyuo viwili, nikachagua kile kinachopokea vipimo vya wilaya zetu, maana huku majibu yanakawia mpaka mgonjwa anazidiwa.

Ulipomvuta yule mtoto, mkono wangu uligusa chini ya kwapa lako, nikausikia uvimbe. Ukaniangalia, ukajifunga kitenge vizuri, ukaenda kupakua chakula. Nilinyamaza kwa heshima ya wageni. Sasa sinyamazi.

Jumatatu asubuhi nakuja kukuchukua twende hospitali. Kwenye gari kaa kiti cha mbali na mimi ukitaka, lakini tutakwenda.

Binti wa kaka yako,
Genoveva